Mgahawa wa Kiuzbeki mtaani: tuusaidie vipi ili usifungwe?

Mpenda_Samsa (mwenye swali)

Salaam wakubwa. Naomba ushauri wa wanaojua biashara ya chakula, hasa hapa Kampala.

Mtaani kuna mgahawa mdogo wa Kiuzbeki: meza sita, mpishi mmoja, msaidizi mmoja na dada wa kaunta. Uko nyuma ya safu ya maduka, hauonekani ukiwa barabara kubwa, na kibao chake kina jina tu bila kusema kinachouzwa. Wanapika palov (wali wao wa nyama na karoti) kila siku mchana, samsa (sambusa zao) za tandir, yaani tanuri la udongo, manti (maandazi ya nyama ya mvuke) Jumatano na Jumamosi, lagman (tambi za nyama) kwa kuagiza, na ule mkate wao wa duara wenye muhuri katikati. Chakula ni safi, bei si mbaya. Taabu ni kwamba siku nyingine palov inaisha saa saba na watu wanarudishwa mlangoni, siku nyingine nusu ya karai inabaki.

Tupo watu kama 15 tunaotaka mgahawa huu udumu. Mawazo yaliyotolewa mpaka sasa: twende wote kwa mpigo Jumamosi moja; washawishiwe kuingia kwenye programu za kupeleka chakula; waongeze chipsi na kuku; tuwaandikie sifa mtandaoni. Lipi lina faida, lipi lina madhara? Halafu wateja wapya wanalalamika kuwa "pilau yao haina viungo" na ina mafuta mengi. Hapo mtu ajibu vipi bila kumvunjia heshima mgeni wala mpishi?

---

Hesabu_za_Jiko

Ndugu, shida yote umeshaitaja mwenyewe: siku nyingine inaisha, siku nyingine inabaki. Mgahawa wa aina hii hauuawi na kukosa sifa. Unauawa na kutojua leo watakuja wangapi.

Palov haipikwi sahani moja moja kama rolex, ile chapati ya mayai. Inapikwa karai zima kwa mara moja, na moto ukishawaka gharama imeshalipwa. Chukua mfano, namba ni zangu za kukadiria: kilo 3 za mchele pamoja na nyama na karoti zake zinatoa sahani kama 24. Tuseme vitu vya sahani moja vinamgharimu shilingi 9,000 na anauza 20,000. Karai limemla 216,000. Akiuza sahani 9 anapata 180,000, kwa hiyo ameshapoteza 36,000 kabla ya kodi ya nyumba, mshahara na makaa. Akiuza 11 ndipo karai linajilipa. Sasa kundi lenu likiweka oda ya sahani 12 tangu jana yake, 240,000 zina uhakika kabla hajamenya kitunguu, na kila anayeingia kutoka barabarani baada ya hapo analipia kodi na mishahara.

Kilichobaki hakiuziki kesho. Wali uliokaa kwenye joto la kawaida kwa saa nyingi huota bakteria wa Bacillus cereus, na moja ya sumu zake haiondoki hata ukiupasha moto mpaka utoe moshi. Mpishi mwenye dhamira anamwaga au anawagawia wafanyakazi jioni ileile. Ndiyo maana sahani 15 zilizobaki ni hasara kamili.

Kwa hiyo wazo la kwenda watu 15 Jumamosi moja bila taarifa mlifute. Jumamosi ndiyo siku yake nzuri tayari. Mtakula palov ya wateja wake wa kila wiki, wao watarudishwa, meza sita hazitatosha, na Jumatatu atapika karai kubwa akidhani mambo yamebadilika, kisha atalimwaga.

Fanyeni hivi. Muulizeni dada wa kaunta siku zipi ni baridi, yaani zina wateja wachache. Kwa kawaida ni Jumanne na Alhamisi, lakini muulizeni, msikisie. Gawaneni: watu 8 siku moja, 7 siku nyingine, kila wiki siku zilezile. Mtu mmoja ndiye awe anaongea na mgahawa, si watu 15 kila mmoja na ujumbe wake. Ujumbe uwe mfupi na kamili, mfano:

"Oda ya Alhamisi. Sahani 7 za palov. Samsa 10. Tunakula hapohapo saa saba kamili. Nusu ya pesa imetumwa sasa hivi, nusu tukifika."

Nusu ya malipo ifike kabla ya saa moja jioni ya siku iliyotangulia. Asiyeweza kuja atafute wa kumbadili, asiombe kurudishiwa. Oda iliyoahidiwa kwa mdomo halafu watu watatu hawakutokea inaumiza kuliko kutoagiza kabisa, maana karai limeshaongezwa kwa ajili yenu.

Na msiombe punguzo. Msikope. Mkopo wa 60,000 kwenye duka dogo kama hilo ni nyama ya kesho asubuhi.

---

Mwamba_wa_Karai

Naunga mkono, ila niongeze kwa nini oda lazima ifike jioni ya kuamkia, maana watu wakielewa sababu wanashika muda.

Palov ya kwao, ambayo wenyewe huiita pia osh, inaanza usiku. Dengu zinalowekwa kwa muda wa saa 10 hadi 12. Hapa Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, kwa hiyo dengu iliyolowekwa kwa muda wa saa mbili tu itabaki na kiini kigumu hata nyama ikiiva kabisa. Wengine hutia magadi kidogo ili zilainike. Ukizidisha, zinapasuka na mchuzi unapata ladha ya sabuni.

Nyama inanunuliwa alfajiri. Moto unawaka saa nne kama chakula ni saa saba. Kwa kilo 3 za mchele hesabu ni hivi: nyama kilo 3, karoti kilo 3, vitunguu maji kilo 1, mafuta mililita 600 hadi 750, vitunguu saumu vizima 6 hadi 8, bizari nyembamba vijiko vikubwa 3, dengu gramu 400. Wengi wakiona karoti sawa kwa uzito na mchele wanadhani ni kosa la uandishi. Si kosa. Utamu wa palov unatoka hapo.

Mafuta yanapashwa mpaka yaanze kutoa moshi mwembamba. Nyama inaingia ikiwa mapande makubwa, inabadilika rangi pande zote kama dakika 15. Kitunguu kinafuata mpaka kiwe cha dhahabu, halafu karoti kwa dakika 10 hadi 12, zikigeuzwa taratibu mpaka zipinde bila kukatika. Kisha maji, bizari, dengu, na vitunguu saumu vizima na maganda yake ya ndani. Hiyo ni zirvak, yaani mchuzi wa msingi, na inatokota polepole saa nzima hadi saa na nusu. Ikichemka kwa fujo mchuzi unakuwa mchafu na nyama inakauka. Chumvi ya zirvak ionjwe ikiwa imezidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa.

Mchele umeshaoshwa mara 6 au 7 mpaka maji yatoke masafi, na umelowekwa nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Unatandazwa juu, haukorogwi. Maji yapande sentimita moja hadi moja na nusu juu ya mchele. Moto mkali mpaka maji yanywewe, kisha unakusanywa kama kichuguu, unatobolewa matundu kwa mpini wa mwiko mpaka chini ili mvuke upite, unafunikwa kwa sahani na kitambaa, moto unapunguzwa kabisa, dakika 25 hadi 30.

Karibu saa tatu zote hizo. Sasa mtu anapiga simu saa tano na nusu anasema "tuongezee sahani sita". Hapo mpishi ana njia mbili tu, na zote mbaya. Akitia mchele zaidi kwenye zirvak ileile, wali unatoka mweupe, mkavu, nyama kidogo kila sahani. Akianza karai jingine, mtakula saa tisa. Ukichelewa kuagiza, agiza samsa au lagman, palov iache.

Jambo jingine linaloharibu ni mchele wenyewe. Kwao wanatumia devzira, mchele mwekundumwekundu mzito unaokunywa mafuta bila kupasuka. Hapa hauko madukani. Mchele wa hapa, super au kaiso, unafaa ukioshwa sawasawa, lakini kila gunia lina tabia yake, na gunia jipya la mavuno ya karibuni linahitaji maji machache. Mkikuta siku moja wali umeshikana kidogo, jueni pengine gunia limebadilika. Mwambieni mpishi kwa upole palepale, msikimbilie kuandika nyota mbili mtandaoni.

Karoti vilevile. Kwao huchanganya za njano na nyekundu. Zetu za rangi ya chungwa zina maji na sukari zaidi, kwa hiyo zikatwe kwa kisu vijiti vya unene wa nusu sentimita. Zikikunwa kwa kikunio zinayeyuka na wali unakuwa uji mtamu. Mkitaka kumsaidia msaidizi kwa kitu cha maana, mfundisheni kijana mmoja wa mtaa kukata karoti vizuri. Kilo 3 kwa mkono ni dakika 40 za mtu.

---

Nnyabo_wa_Meza

Nijibu lile la "haina viungo", kwa sababu hapo ndipo mteja mpya anapopotea.

Mgeni anaingia akiwa na pilau ya pwani kichwani: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Palov ina kiungo kikuu kimoja tu, bizari nyembamba, na pengine zirk, vile vitunda vikavu vyekundu vyenye uchachu. Usimwambie "hujui kula". Mwambie mapema, kabla sahani haijafika: hii ni ndugu wa pilau, ila ladha yake ni nyama, karoti na kitunguu saumu. Mtu akijua anachokingojea, halalamiki.

Kisha muonyeshe namna ya kuila. Kitunguu saumu kizima kinakuja juu ya wali, kimelainika kama siagi. Kishike kwa chini, kibinye, punje zitoke kwenye maganda zenyewe, zipake kwenye wali. Harufu kali imeshaisha, umebaki utamu. Watu wengi wanakiweka pembeni wakidhani ni pambo, halafu wanasema chakula hakina ladha.

Mafuta nayo yana dawa yake mezani. Kuna achichuk, kachumbari yao ya nyanya na kitunguu vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, pamoja na chumvi na pilipili kidogo, bila ndimu nyingi. Ile ndiyo inayokata mafuta. Na chai ya kijani ya moto, isiyo na maziwa wala sukari. Soda baridi juu ya mafuta ya kondoo inayafanya yagande mdomoni, na hapo mteja anaondoka akisema chakula ni kizito. Dada wa kaunta alete birika la chai kwanza hata kabla ya kuulizwa. Na akijaza kikombe nusu tu, mgeni asidhani anabaniwa. Kwao kujaza kidogo ni heshima, maana yake nitakuongeza tena na tena, na kikombe kilichojaa hadi ukingoni kinaweza kueleweka kama kumwambia mtu anywe aondoke. Hilo liandikwe kwenye menyu kwa mstari mmoja.

Menyu yenyewe mngeweza kuwaandikia kwa Kiswahili na Kiluganda, kazi ya jioni moja. Kila chakula mstari mmoja, useme ni nini, nyama gani, kinachukua dakika ngapi. Kwa mfano:

"Manti: maandazi ya mvuke yenye nyama ya kukatakata na kitunguu, matano kwa sahani, huliwa na maziwa mgando. Dakika 50."

Nyama gani, hilo msilisahau. Kampala kuna watu wa ukoo wa Ndiga, na kondoo ndiye mwiko wao. Ukimlisha bila kumwambia umemkosea yeye na ukoo wake. Wateja Waislamu nao wanataka kujua habari ya halali kabla ya kukaa, kwa hiyo kama mgahawa una cheti kutoka Baraza Kuu la Waislamu Uganda, kitundikwe pale mtu anapoingilia, kisifichwe kwenye droo.

Na kuna jina moja linalofungua mazungumzo kwa Waislamu wa hapa bila matangazo yoyote. Kila aliyesoma madrasa amesikia Sahihi Bukhari, kile kitabu cha hadithi za Mtume. Imam Bukhari, aliyekikusanya, alizaliwa Bukhara mwaka 810, na Bukhara iko Uzbekistan ya leo. Watu wengi hawajawahi kuunganisha hayo mawili. Wakiunganisha, chakula kinaacha kuwa cha kigeni.

---

Ramani_na_Simu

Upande wa mtandao, kwa ufupi.

Kwanza waonekane kwenye ramani ya Google. Mwenye mgahawa adai ukurasa wake mwenyewe ili aweze kurekebisha saa na namba ya simu. Ninyi msimfungulie kwa akaunti zenu, siku mkigombana atakosa mlango. Alama ya mahali ikae mlangoni hasa, si barabara kubwa. Kwa Kampala maelezo ya njia yana thamani kuliko namba ya kiwanja: stage ya boda iliyo karibu, duka lililo mbele, "ingia uchochoro wa pili, geti la bluu". Picha ya kwanza iwe ya sehemu ya mbele ikipigwa kutoka barabarani, maana mtu wa boda anatafuta geti, hatafuti sahani.

Chakula kipigwe picha mchana karibu na dirisha, taa ya balbu inabadilisha rangi ya wali. Menyu yenye bei nayo ipigwe, na ibadilishwe bei zikibadilika.

Sifa: nyota tano bila maneno hazimsaidii msomaji. Andika ulichokula, bei, saa uliyofika, kama kulikuwa na nafasi ya gari, palov huisha saa ngapi. Msiandike watu 15 usiku mmoja mkiwa kwenye Wi-Fi moja, mfumo unaweza kuziona kama za bandia na kuzifuta. Mmoja au wawili kwa wiki inatosha. Na mgahawa usitoe samsa ya bure kwa anayeandika sifa, Google hairuhusu.

Programu za kupeleka chakula zina mahali pake, lakini fanyeni hesabu kwanza. Kwa mfano ule wa sahani ya 20,000, mkato ukiwa asilimia 25, 5,000 zimeondoka. Toa 9,000 za vitu na 1,000 za boksi, zinabaki 5,000. Mteja akikaa mezani zinabaki 11,000. Zaidi ya nusu imepotea kwa chakula kilekile. Kama ni lazima aingie, aweke samsa na mkate pekee, vitu visivyoharibika njiani, palov abaki nayo mezani. Mnaoujua mgahawa pigeni simu moja kwa moja na mtume boda wenu.

Kulipa: taslimu, au kwa namba ya biashara ya mobile money kama anayo. Mkituma kwa namba yake binafsi, akienda kutoa anakatwa ada ya kutoa pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Ni kidogo, lakini kila siku ni kila siku.

---

Chipsi_Kuku

Mimi naona waongeze chipsi na kuku tu, wakubwa. Familia ikija, mtoto mmoja akikataa wali wa karoti wote wanaondoka. Biashara ni kumpa mtu anachokijua.

---

Mwamba_wa_Karai

Ndugu Chipsi, hoja ya watoto ni ya kweli, siipuuzi. Lakini chipsi zinataka karai la pili la mafuta, jiko la pili, viazi vya kumenya kila asubuhi na mafuta ya kubadilisha kila baada ya siku chache. Mpishi ni mmoja. Saa sita na nusu ndiyo saa ambayo wali unatakiwa kufunikwa na asiondoke karibu, na ndiyo saa watu wanaagiza chipsi. Ataunguza kimoja. Na kwenye chipsi anashindana na kila kibanda cha mtaa kinachouza kwa bei ya chini kuliko yake.

Mtoto ana chakula pale tayari: supu ya shurpa na mkate, au samsa. Nusu sahani ya palov kwa nusu bei ingesaidia pia, hiyo haihitaji jiko jipya.

Kama ni kuvuta mpita njia, samsa ndiyo ndoano. Kila mtu hapa anaijua sambusa, kwa hiyo haihitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba hii haikaangwi, inabandikwa kwenye ukuta wa tandir. Waweke meza ndogo pale uchochoro unapoanzia, saa kumi jioni watu wakitoka kazini, samsa 30 ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa. Atakayeipenda ataingia ndani wiki ijayo.

---

Mpenda_Samsa (mwenye swali)

Asanteni sana. Jumamosi tumeifuta. Nina swali jingine: kuna ofisi moja Nakasero iko tayari kuagiza kwa watu 12 kila Alhamisi, lakini walijaribu mara moja na samsa zilifika zimelainika, palov imepoa na imeshikana. Zinabebwaje?

---

Nnyabo_wa_Meza

Samsa zililainika kwa sababu zilifungwa zikiwa moto ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Ndani ya samsa kitunguu ni karibu sawa na nyama kwa uzito, na nyama inakatwa kwa kisu, haisagwi, kwa hiyo maji ni mengi. Ukiifunga, mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye ngozi. Ziachwe juu ya wavu dakika 10, kisha ziwekwe kwenye boksi la karatasi lenye matundu mawili matatu juu, safu moja tu, upande uliokuwa ukutani ukiwa chini. Zikipangwa safu mbili, za chini zinapasuka na mafuta yanalowesha zote.

Zikifika zimepoa, zisiingie maikrowevu. Oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10, au kikaango kikavu chenye kifuniko juu ya sigiri yenye makaa machache, dakika 5 kila upande. Na waambieni wa ofisini waanze kwa kung'ata kona ndogo, waache mvuke utoke, ndipo waendelee. Anayeng'ata katikati anaungua na shati linapata mafuta.

Palov isipakiwe kwenye maboksi 12. Boksi dogo linapoa ndani ya robo saa, na mafuta yakipoa ndiyo yanaushikanisha wali. Peleka hotpot moja kubwa, imwagiwe maji ya moto ndani dakika 5 kwanza, yamwagwe, ikaushwe, ndipo wali uingie. Wali kwanza, nyama juu, vitunguu saumu juu kabisa. Achichuk kwenye chombo chake peke yake, na chumvi yake itiwe hukohuko ofisini, maana nyanya zikitiwa chumvi mapema zinajaa maji kabla ya kufika. Wagawane kwa sahani za ofisi. Ndivyo inavyoliwa hata kwao, sinia moja kubwa katikati, na mnakuwa mmeokoa pesa ya maboksi. Hotpot irudi siku ileile na mtu wa boda, iandikwe jina la mgahawa kwa wino usiofutika.

Wapange iondoke saa sita na nusu, kwa hiyo siku hiyo moto uwashwe kabla ya saa nne. Msongamano wa kwenda Nakasero saa saba mnaujua.

---

Hesabu_za_Jiko

Hiyo ofisi ni dhahabu, msiiachie. Sahani 12 kila Alhamisi ndizo zile zinazolipia karai kwenye mfano wangu. Waombeni walipe kwa mwezi mzima kama wanaweza, na wapewe risiti, maana ofisi nyingi za pale haziwezi kuendelea kununua kwa mtu asiyetoa risiti rasmi. Mgahawa ujiandae kwa hilo mapema.

Pia angalieni kalenda. Ramadhani futari inaweza kuagizwa karai zima kwa msikiti au kwa nyumba, na muda wake unajulikana kwa dakika, hakuna kubahatisha. Wakati huo palov ya mchana isipikwe kabisa, moto uwashwe saa tisa. Tarehe 21 Machi ni Navruz, sikukuu yao ya mwaka mpya, na kuna chakula cha siku hiyo kinachoitwa sumalak, cha ngano iliyochipuzwa, kinachokorogwa karibu usiku kucha. Watu wakijitolea kukoroga kwa zamu, mpishi anaweza kukipika. Peke yake hawezi.

---

Mwamba_wa_Karai

Jambo moja limeachwa nyuma, mkate.

Tandir inawashwa mara moja. Kuni zinawaka mpaka ukuta wa ndani unakuwa mweusi kwa masizi, kisha masizi yanaungua na ukuta unarudi mweupe. Hapo ndipo uko tayari, ukutani hunyunyiziwa maji ya chumvi na unga unabandikwa. Ukuta ukiwa bado mweusi, mkate hautashika, utaanguka kwenye majivu. Ukiwa umepitiliza, unaungua nje na ndani ni mbichi. Kuni za kufikia pale ni zilezile, awe anaoka mikate 10 au 60.

Kwa hiyo kila anayekwenda kula achukue mkate mmoja au miwili ya nyumbani. Una muhuri wa chekich katikati, vile vitobo vinavyouzuia usivimbe pale, na ndiyo sababu kingo zinakuwa laini na katikati panakuwa pakavu. Ukikauka kesho, nyunyizia maji kwa mkono, upashe kwenye kikaango kilichofunikwa dakika 3, unarudi kama mpya. Mezani usiuweke umepinduka uso chini, wenyewe hawapendi, na uvunjwe kwa mkono.

Mwambieni dada wa kaunta aanze kuuliza kila mtu anayelipa: "Na mkate wa nyumbani je?" Oda za mkate zifike kabla ya saa mbili usiku, kwa sababu unga unakandwa alfajiri na chachu inahitaji muda wake.